SAA ZA MAPUMZIKO: Ndoana Kwanza, Fimbo Baadaye

Mshahara wa askari, kama ijulikanavyo katika kila nyumba ya kambini, una wenyewe hata kabla haujapokewa. Wa kwanza ni duka la vyakula, wa pili ni ada ya shule, na wa tatu ni wazee walioko kijijini. Kinachosalia ni kidogo, na aghalabu ugomvi wa mume na mke huanzia juu ya hicho kidogo.

Achukuliwe mfano wa koplo mmoja, ambaye si mtu fulani bali ni mfano wa wengi. Koplo huyu amesikia sifa za kuvua samaki aitwaye besi katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, naye amepewa likizo ya siku kumi na nne. Anaingia dukani, anaona fimbo ya kuvulia inayong'aa yenye bei kubwa kuliko zote, anailipia. Kwa pesa zilizobaki ananunua ndoana za bei ya chini kabisa, pamoja na mshipi uliokaa dirishani juani kwa muda usiojulikana. Siku ya tatu ziwani besi mkubwa anauma. Mshipi unakatika penye fundo, samaki anakwenda zake na ndoana mdomoni, na koplo anarudi nyumbani na fimbo yake. Mkewe hamwulizi habari za samaki. Anamwuliza habari za ada ya watoto.

Koplo huyu hakukosea kupenda uvuvi. Uvuvi ni pumziko jema kwa mtu ambaye kazi yake ni amri, zamu na usiku wa macho. Alikosea mpango wa matumizi: alianza na kitu kilicho mkononi mwake, akamalizia na kitu kilicho mdomoni mwa samaki. Busara ya uvuvi yataka kinyume chake. Shilingi ya kwanza iende kwenye ndoana, ya pili kwenye mshipi, ya tatu kwenye gurudumu la kuzungushia mshipi, na fimbo ije mwisho. Na kabla shilingi yo yote haijatoka mfukoni, kuna jambo lisilouzwa dukani, nalo ni kumjua samaki mwenyewe.

BESI NI SAMAKI GANI

Besi azungumziwaye hapa ni yule wa mdomo mkubwa, ambaye asili yake ni mito na maziwa ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatika-katika kutoka kichwani hadi mkiani. Alama yake kubwa ni taya: mdomo unapofungwa, pembe ya taya huwa imepita nyuma ya jicho. Huko kwao ni samaki wa heshima kubwa. Mzito kuliko wote aliyetiwa katika kumbukumbu alivuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, naye alikuwa na uzito wa kilo 10 na gramu 90 hivi. Ilipita miaka 77 kabla Mjapani aitwaye Manabu Kurita hajavua wa kulingana naye katika Ziwa Biwa, mwezi wa Julai 2009. Mvuvi wa Afrika ya Mashariki asitazamie samaki wa namna hiyo. Besi wa kilo moja au mbili hupigana vya kutosha, huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na humfundisha mtu kazi yote.

Katika Naivasha besi alipandwa mwaka 1929. Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo hupokea maji ya mito ya Malewa na Gilgil. Halina mto utokao, hata hivyo maji yake si ya chumvi. Msafiri atokaye Kampala kwenda Nairobi kwa basi, kwa njia ya Malaba, Eldoret na Nakuru, hupita karibu nalo, na wengi wamelipita mara nyingi pasipo kushuka. Mwaka 1970 waliletwa humo kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao pia ni Marekani, nao wakawa chakula kikubwa cha besi. Baada ya mwaka 2001 karpi, samaki atafutaye chakula kwa kuchimba matope, aliongezeka sana akawapita wengine wote kwa wingi. Kwa hiyo besi hapatikani kwa wepesi kama alivyopatikana zamani, na ndiyo sababu ufundi unahitajika.

ADUI ALIYE MAVIZIONI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba besi hapendi kufukuza chakula masafa marefu. Yeye ni mviziaji. Kila askari aliyefundishwa kulala mavizioni ataelewa upesi anachokitaka samaki huyu: kificho cha kujibanza, kivuli cha kumfunika, na njia ambayo mwingine lazima aipite mbele yake. Mvuvi anayetupa ndoana katikati ya ziwa, penye maji matupu, ni sawa na doria inayomtafuta mviziaji katikati ya uwanja wa mpira.

Atafutwe ukingoni mwa mafunjo, kando ya magugu ya majini, chini ya gogo lililolala, penye mawe, au kando ya nguzo za gati. Katika miaka ya 2019 na 2020 maji ya Naivasha yalipanda sana, yakaifunika migunga iliyokuwa nchi kavu, na mingi ikafia humo humo majini. Shina la mti uliosimama majini ni kificho kizuri. Ikiwa kuna miti kumi, mvuvi mwenye subira huanza na ule ulio mbali na wenzake, au ule ulioko mwishoni mwa safu, kwa maana samaki mwindaji hupenda pembe ambapo chakula hupita.

Saa nazo zina sheria yake. Alfajiri na jioni besi husogea penye maji haba, kwa sababu samaki wadogo na kamba wako huko. Jua likiwa kali hushuka kwenye kina, au hujibanza chini ya magugu mazito. Upepo ukivuma kuelekea ufuko mmoja kwa muda, yafaa kuvua ufuko huo, maana viumbe vidogo husukumwa huko na besi huvifuata. Maji yakiwa na matope besi hutegemea zaidi mtikisiko wa maji kuliko macho. Hapo chambo kiende polepole, karibu kabisa na kificho chake, nacho kiwe chenye kutikisika.

NDOANA, MSHIPI NA FUNDO

Ndoana ya namba 3/0 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Wingi wake si muhimu kama ukali wake. Ukali hupimwa hivi: ncha huburutwa taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikishika ni kali. Ikiteleza ni butu, na yapasa inolewe kwa tupa ndogo au itupwe. Ndoana sita kali ni bora kuliko mia butu.

Mshipi wa nailoni wenye nguvu ya kilo 5 au 6 wafaa penye maji ya wazi. Penye magugu na miti yahitajiwa wa kilo 8 hadi 10, au ule wa kusokotwa, usiovutika, ambao hukata majani laini. Jua ni adui wa nailoni. Kwa hiyo mshipi usinunuliwe kutoka dirishani, wala usihifadhiwe juu ya kabati linalopigwa na jua. Kila baada ya kuvua, mita chache za mwisho zipitishwe katikati ya vidole viwili. Ukionekana mkwaruzo, hata mdogo, sehemu hiyo ikatwe. Mtu huona uchungu kukata mita mbili za mshipi, kisha akapoteza samaki, ndoana na chambo kwa ajili ya mita hizo mbili.

Fundo ndipo wengi huangamia. Lipo fundo moja rahisi, ambalo hata mtoto wa miaka kumi aweza kulijua kwa jioni moja. Mshipi hukunjwa mara mbili kiasi cha sentimita 15, ukapitishwa kwa pamoja katika tundu la ndoana. Kisha hufungwa fundo la kawaida, legelege, ndoana ikining'inia katikati. Kitanzi kilichobaki hupanuliwa, na ndoana nzima hupitishwa ndani yake. Fundo hulowanishwa kwa mate, kwa sababu nailoni kavu ikikazwa hujisugua, hupata moto na kudhoofika. Mwisho pande zote mbili za mshipi huvutwa polepole hadi fundo likae sawa juu ya tundu, na mabaki hukatwa. Lifungwe mara ishirini nyumbani, kwa mwanga wa taa, kabla halijafungwa mara moja ziwani.

GURUDUMU NA FIMBO

Gurudumu halina haja ya kuwa la bei kubwa, ila breki yake iwe laini. Breki hiyo huuachia mshipi utoke samaki avutapo kwa nguvu, kabla mshipi haujakatika. Kipimo chake ni robo, au theluthi moja, ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 6 yatosha mfuko wa sukari wa kilo mbili. Mfuko hufungwa kwenye mshipi na kuinuliwa taratibu, na breki hulegezwa mpaka mshipi uanze kutoka kwa shida. Baada ya hapo mfuko hurudishwa jikoni salama.

Fimbo ya urefu wa mita mbili, au zaidi kidogo, yatosha. Zile za nyuzi za kioo ni nzito kidogo lakini ni imara, hustahimili safari ya basi na mikono ya watoto. Zile za kaboni ni nyepesi na humpa mvuvi hisia nzuri zaidi, bali huvunjika upesi zikigongwa. Anayeanza achague ya kioo. Kabla ya kulipa, azungushe kipande cha pamba ndani ya kila pete ipitishayo mshipi. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na pete yenye ufa itakula mshipi wote.

CHAMBO TATU ZATOSHA

Masanduku ya chambo za bandia yamefilisi watu wazima. Chambo hizo zilianza kwa akili ya kawaida. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga samaki mdogo wa gamba la mti, aogeleaye kwa kuchechemea, na inasimuliwa kwamba alikuwa ameona jinsi samaki wakubwa wanavyomchagua yule dhaifu katika kundi. Mwaka 1949 Nick Creme wa mji wa Akron, Marekani, alitengeneza mnyoo laini wa plastiki. Kutoka mawazo hayo mawili zimetokea maelfu ya chambo, na nyingi zimetengenezwa ili zimnase mnunuzi kabla ya samaki.

Anayeanza anunue aina tatu tu: mnyoo wa plastiki wa urefu wa sentimita 15 hivi, kijiko cha chuma kinachometameta, kwa kupekua eneo kubwa upesi, na samaki mdogo wa kuelea, kwa asubuhi tulivu. Kwa Naivasha rangi ya hudhurungi yenye wekundu huenda vizuri, maana hufanana na kamba waliomo.

Mnyoo wa plastiki ndio wenye faida kuliko zote penye miti na magugu, ukifungwa kwa mtindo wa Texas. Kwanza mshipi hupitishwa katika chubwi ndogo yenye umbo la risasi ya bunduki, ncha yake ikielekea fimboni, kisha ndoana hufungwa. Ncha ya ndoana huchomwa kichwani mwa mnyoo kiasi cha nusu sentimita, ikatolewa ubavuni; ndoana huzungushwa; kisha ncha huchomwa tena katika mwili wa mnyoo na kuachwa imefichwa humo, mfano wa kisu ndani ya ala. Mnyoo ukae umenyooka. Ndoana ya namna hii hupita katikati ya matawi pasipo kunasa, na samaki aumapo ndipo ncha hutokeza.

SHABAHA KABLA YA NGUVU

Askari anajua kwamba kurusha mbali si kulenga. Besi akiwa kando ya gogo, chambo kikianguka mita tatu kutoka hapo yawezekana asijisumbue. Kikianguka kwa upole nusu mita mbele yake, atafikiri. Mazoezi hufanywa uani: ndoo huwekwa hatua kumi na tano, chubwi hufungwa pasipo ndoana, na baba na watoto hushindana nani ataitumbukiza mara nyingi zaidi. Ni mchezo usio na gharama, na mara nyingi mtoto wa kike mwenye mkono mtulivu humshinda baba yake.

Mnyoo ukishatua, uachwe ushuke hadi chini huku mshipi ukitazamwa, kwa sababu samaki wengi huuma wakati chambo kinaposhuka. Kisha ncha ya fimbo huinuliwa kidogo, mnyoo ukaruka hatua moja. Fimbo hushushwa, mshipi uliolegea hukusanywa, na mnyoo hupumzishwa. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ni sheria. Kuuma kwa besi mara nyingine ni kama mgongo wa kidole kubisha mlangoni mara mbili. Mara nyingine ni mshipi kuanza kwenda kando wenyewe. Mvuvi hushusha fimbo, hukusanya mshipi hadi uwe taut kama uzi wa cherehani, kisha huivuta fimbo juu kwa nguvu ya mara moja. Samaki akitaka kuruka, fimbo hulazwa chini kuelekea maji na mshipi haulegezwi hata kidogo.

UHAI WA MVUVI

Yaliyotangulia yahusu uhai wa samaki. Haya yahusu uhai wa mvuvi, na ndiyo makubwa kuliko yote. Besi hupatikana alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya kiboko kurudi majini baada ya kulisha nchi kavu usiku kucha. Besi hujificha penye mafunjo, na mafunjo ndiyo makazi ya kiboko mchana. Watu wameuawa na viboko katika Naivasha, wavuvi na wageni pia. Mtu aliyesimama ufukoni gizani, kati ya kiboko na maji yake, hana silaha ya kumfaa wala mbio za kumwokoa.

Kwa hiyo mgeni asivue peke yake wala kwa miguu kabla ya mapambazuko. Akodi mashua yenye mwenyeji anayezijua njia za wanyama hao. Mwenyeji akisema mahali fulani papitwe mbali, papitwe mbali, hata kama besi mkubwa kuliko wote anaruka hapo mbele ya macho. Cheo cha kambini hakina nguvu ndani ya mashua ya mtu mwingine.

Koti la kujiokolea livaliwe tangu kupanda mashua hadi kushuka, lisikaliwe kama mto. Wapo wanaojivuna kwamba wanajua kuogelea; lakini maji ya baridi, buti zilizojaa na mawimbi ni mambo mengine. Katika Naivasha upepo huzidi aghalabu baada ya adhuhuri, nao huinua mawimbi upesi kwa kuwa ziwa si la kina kirefu. Yafaa kuwa nchi kavu kabla ya hapo. Kofia na miwani hukinga macho na ndoana ya jirani. Ndoana ikizama mwilini hadi kwenye kijino chake, isivutwe kwa nguvu. Mtu apelekwe hospitali, na daktari aulizwe habari za sindano ya pepopunda. Mwishowe, aliyebaki nyumbani aelezwe jina la mahali, jina la mwenye mashua, na saa ya kurudi. Mke wa askari amezoea kungoja pasipo kujua. Siku ya likizo asingojeshwe hivyo tena.

KIOTA NA SHERIA

Katika ukoo wa besi baba ndiye mlezi. Dume husafisha mduara chini ya maji haba kwa mkia wake, jike hutaga humo na kwenda zake, na dume hubaki akilinda mayai, na baadaye vitoto, pasipo kuondoka. Akiwa kiotani hushambulia cho chote kinachokaribia, kwa hiyo huvuliwa kwa urahisi mno. Anayemtoa ameacha mlango wazi, na kwa dakika chache samaki wengine watakuwa wamekula kizazi kizima. Mvuvi muungwana akiona mduara msafi chini ya maji na samaki asiyetaka kuondoka, hupita.

Mwaka 1972 huko Marekani Ray Scott, mwandalizi wa mashindano ya besi, alianzisha desturi ya kupima samaki wakiwa hai na kuwarudisha majini, na desturi hiyo imeenea sana. Namna yake ni hii: mikono hulowanishwa kwanza, samaki hushikwa kwa kidole gumba ndani ya taya ya chini, kwa maana besi hana meno ya kukata, na mkono wa pili huchukua uzito wa tumbo, ndoana hutolewa kwa koleo, akiwa ameimeza, mshipi hukatwa karibu na mdomo. Kisha hushikwa majini hadi atakapojiondokea mwenyewe.

Leseni ya uvuvi ikatwe kabla ya siku ya kwanza, na ofisi ya uvuvi iulizwe kama ziwa liko wazi, kwa sababu hufungwa nyakati fulani samaki wapumzike. Mwaka 2001 lilifungwa kwa muda mrefu baada ya samaki kuvuliwa kupita kiasi, na nyumba nyingi za wavuvi zikaonja taabu. Jambo hili lamhusu askari kuliko mtu mwingine. Nchini Uganda mwaka 2017 jeshi lilitumwa ziwani kuzuia uvuvi haramu. Mtu aliyevaa sare akamkamata mwananchi kwa samaki mchanga hawezi kuvua sare hiyo na kumpeleka samaki mchanga jikoni kwake.

Kadhalika ni mwiko kumchukua besi aliye hai kwenda kumpanda katika bwawa au ziwa la nyumbani, hata kwa nia njema. Samaki pekee wa asili wa Naivasha alikuwa mdogo sana, naye hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya wageni kuingizwa. Katika Ziwa Victoria sangara, ambaye watu wa Uganda humwita mputa, aliingizwa katika miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje zikapotea. Ndoo moja ya samaki hai yaweza kubadili ziwa, na hakuna ndoo ya kurudisha.

JIKONI

Samaki wawili wa wastani walioruhusiwa na sheria hutosha kitoweo cha nyumba moja. Wapasuliwe na kutolewa matumbo mapema, wakae kivulini ndani ya gunia bichi ikiwa hakuna barafu. Wakitiliwa shaka ya harufu ya tope, ngozi ichunwe, kwa kuwa harufu hukaa zaidi hapo. Minofu hupakwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu kwa nusu saa, hupakwa unga kidogo, ikakaangwa kwa mafuta yenye moto. Wapendao mchuzi hupika nyanya na vitunguu, wakatia karanga zilizosagwa, na kuweka samaki mwishoni, maana nyama yake nyeupe huiva upesi na ikipikwa mno hukauka. Vichwa na mifupa visitupwe. Supu yake humfaa mtoto na mgonjwa.

Basi koplo wa mfano akirudi dukani kabla ya likizo nyingine, orodha yake ni fupi: ndoana sita kali, mshipi mpya kutoka rafu ya ndani, chubwi chache, minyoo ya plastiki pakiti moja, na koleo. Fimbo anayo tayari, ile ile inayong'aa, nayo itafaa maadamu kilicho mbele yake ni kizima. Orodha hiyo amsomee mkewe kabla ya kwenda kuinunua, baada ya ada ya shule kulipwa.

Wiki ijayo safu hii itaeleza namna ya kutunza viatu vya ngozi wakati wa masika.